Kiboko Akataa Mabano

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini? Itikieni kwa nguvu kidogo. Nimefua tangu asubuhi, mgongo si wangu, na nyie mkilegea nani atasimulia? Haya. Pakawa kisima, pakawa mtambo wa kugawa maji, pakawa Kindi mmoja aliyechoka kuliko mimi.

Huyu Kindi alikuwa karani wa mtambo. Mtambo wenyewe haukuwa na makuu. Unauandikia mstari mmoja ubaoni, nao unausoma, unahesabu, unafungua bomba. Lugha yake nyepesi, mtoto angeijua kabla uji haujapoa: kijiti cha kutoa, msalaba wa kujumlisha, kinyota cha kuzidisha, mkwaruzo wa mshazari wa kugawanya. Basi. Kindi aliandika: maji yaliyomo, gawanya kwa idadi ya wanyama. Kila mnyama akapata fungu lake, dogo, lakini lake.

Mwenyekiti wa kisima alikuwa Kiboko. Alichaguliwa kwenye mkutano mrefu, wanyama walipochoka wakataka kurudi makwao.

Siku ya kwanza ya kiangazi Kiboko akaja, du, du, du. "Kindi, futa. Andika nipate mara mbili." Kindi akafuta, kwaru kwaru. Kindi akaandika, ti ti ti.

Siku ya pili Kiboko akaja, du, du, du. "Kindi, futa. Andika nipate mara tano." Kindi akafuta, kwaru kwaru. Kindi akaandika, ti ti ti.

Siku ya tatu? Mnajua wenyewe. Kwaru kwaru, ti ti ti, mpaka vidole vya Kindi vikaota sugu.

Na Kiboko alikuwa na tabia moja: ushauri wa karani haukubali. Kindi akisema, "Mzee, tuanze na wagonjwa," Kiboko anasema hapana. Kindi akisema, "Mzee, bomba linavuja, tulikaze," Kiboko anasema hapana. Hata alipoambiwa, "Kanyaga polepole, hapo pana utelezi," alikanyaga kwa nguvu zote, akaanguka puu, akamlaumu Kindi.

Nyumbani Kindi alikuwa na watoto wanne. Midomo imewapasuka, macho yameingia ndani. Jirani yake, Bibi Nungunungu, akamuuliza, "Mwanangu, huko kazini kuna nini?"

"Kuna kufuta na kuandika, bibi."

"Na maji?"

"Maji yapo. Hayatufikii."

Siku ya nne Kiboko akaita mkutano. Wanyama sitini wakaja wakikokota miguu.

"Ndugu wananchi," Kiboko akasema, "kisimani yamebaki madebe elfu moja. Mvua bado siku kumi. Haki yangu mimi, kwa ukubwa huu, ni madebe mia kwa siku. Lakini nimewaonea huruma. Katika mia yangu natoa kumi kwa ajili yenu. Kindi, andika fungu langu: mia, toa kumi, zidisha kwa siku kumi. Yatakayobaki wagawane wao. Na kuanzia leo kuna kanuni mpya. Mstari nikishaukanyaga kwa unyayo wangu, haufutwi mpaka mvua inyeshe. Nimechoshwa na malalamiko."

Wanyama wakapiga makofi. Walisikia "natoa", wakatosheka.

Kindi hakupiga. Alihesabu kichwani: tisini mara kumi, mia tisa. Yanabaki mia. Mia kwa wanyama sitini, kwa siku kumi. Watoto wake hawangefika siku ya tano. Alitamani aketi chini alie, lakini hata kulia kunataka nguvu.

Akaandika, ti ti ti: 100 - 10 * 10.

Akautazama mstari. Akautazama tena. Mtambo ule haukuwa ukihesabu kama Kiboko anavyosema, wa kwanza mwanzo, wa mwisho mwisho. Popote ulipoona kinyota cha kuzidisha ulianza nacho, ndipo ukageukia kutoa. Kumi mara kumi ni mia. Mia toa mia... Kindi akameza mate ambayo hakuwa nayo.

Dawa yake aliijua, ni ndogo tu. Na mwenyekiti wake alimjua pia.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "hapa panahitaji mabano."

"Mabano ndiyo nini?"

"Alama mbili zilizopinda. Moja kabla ya mia, moja baada ya kumi ya kwanza. Mtambo uanze na kilicho ndani." Akamchorea mavumbini.

Kiboko akainama, akatazama upande huu, akatazama upande ule. "Huu ni uzio. Unataka kunifungia."

"Sikufungii, mzee. Nafunga hesabu."

"Hesabu ya nani?"

"Yako."

"Basi unanifungia mimi."

"Nakuomba, Mwenyekiti. Bila mabano utapata hasara kubwa."

"Mbona umeng'ang'ania hivyo? Ndani ya hayo mabano kuna nini?"

"Kuna maji yako."

"Ahaa," Kiboko akasema, akawageukia wanyama. "Mmemsikia? Anataka kuyafungia maji yangu."

Kindi hakudanganya hata neno moja. Uongo nao una kazi yake, lazima uutunge, uukumbuke, na yeye alikuwa hoi.

"Kwa hiyo niyaweke?" akauliza.

"Thubutu."

Kiboko akanyanyua mguu akaukandamiza ubaoni, tup. Kisha akaenda chini ya bomba lake, akaachama kinywa chote, meno nje. Mtambo ukanguruma, ngrrr, ti ti ti, ukatulia.

"Kiboko," mtambo ukasema, "sifuri."

Bomba la mwenyekiti likajifunga, kwap. Bomba la wananchi likafunguka, chwaaa.

Kiboko akabaki ameachama. "Futa," akasema.

"Siwezi, Mwenyekiti. Kuna unyayo."

"Basi yaweke hayo mabano."

"Yalitakiwa yatangulie unyayo."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Kindi akaenda kuchukua ndoo yake. Swali hilo lilimchosha kuliko siku zote nne.

Kiboko akashika njia ya mto mkubwa, mwendo wa siku mbili juani, du... du... du... Hakuna aliyemsindikiza, wote walikuwa kwenye foleni.

Kindi akapeleka maji nyumbani. Watoto wakanywa, wakavuta pumzi, wakanywa tena. Mkubwa wao akafuta kidevu akauliza, "Mama, Kiboko ana nguvu vile. Umemshindaje?"

"Nilimtii," akasema Kindi, na usingizi ukamchukua hapo hapo akiwa ameshika ndoo.

Funzo lake? Utii kazini ni kitu kizuri. Mkubwa akikwambia andika, andika alichosema, wala usiongeze chako. Na nyie watoto msijisumbue na hesabu, haijawahi kumnywesha mtu maji.

Nimekomea hapo. Kama ilikuwa tamu, ondokeni nayo. Kama ilikuwa chungu, iacheni hapa mkekani, nitailalia.