Namba Iliyoitikiwa Mara Mbili

Asiyeitwa jina hanyamazi. Niliwaona mkitazamana katibu wa chama cha wafanyakazi alipoitamka methali hiyo mkutanoni. Mmoja wenu akasema imegeuzwa, kwamba asiyeitwa ndiye anayenyamaza. Haikugeuzwa, wajukuu zangu. Kaeni niwaeleze ilikotoka.

Zamani za Waingereza, upande wa Tanga, kulikuwa na shamba la mkonge ambalo wafanyakazi wake walitolewa mbali: Kigoma, Newala, Njombe. Mtu akishuka garimoshi alipewa kibati chenye namba, na jina lake likabaki palepale stesheni. Ndiyo maana waliitwa manamba.

Aliyeziita namba hizo kila alfajiri alikuwa mnyapara Singano, Mbondei wa hukohuko Tanga. Hakuwa mtu mkali. Hakumpiga mtu wala hakumtukana. Aliwaita namba tu kama alivyoagizwa na meneja, Mzungu waliyempachika jina la Bwana Miwani, na aliamini kwamba hilo halimdhuru mtu.

Masika moja, mtu wa namba mia nne kumi na saba alikuwa akilisha majani kwenye korona, ile mashine ya kuchakatia mkonge. Mashine ikamshika mkono wa kulia, ikamvuta. Mpaka inazimwa, roho ilikuwa imekwisha kutoka. Walimzika ukingoni mwa shamba pamoja na waliomtangulia, na Singano akapigilia kibao juu ya kaburi: 417. Wiki iliyofuata akaja mtu mpya, Mmakonde mwenye kifua kipana. Bwana Miwani hakupenda pengo kitabuni mwake, basi akampa namba ileile.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito. Singano akaita, "Mia nne kumi na saba!"

"Nipo," akasema yule Mmakonde.

"Nipo," ikaitika sauti nyingine nyuma ya mstari, kutoka ndani ya mkonge.

Singano alijiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi hufanana na sauti iliyouzaa. Hii ilikuwa nyembamba, yenye kikohozi, na kila aliyewahi kufanya kazi kwenye korona aliijua. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Asubuhi ya pili sauti ile ikaitika tena. Ya tatu ikawahi kabla ya Mmakonde. Ya nne Mmakonde hakufungua kinywa kabisa, na bado namba ikaitikiwa.

Siku hiyo, kazi ilipokwisha, Singano alimfuata kambini. Alimkuta ameketi kitandani, ameupakata mkono wake wa kulia kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake. Singano akaugusa. Ulikuwa baridi kama chuma.

"Unaitwa nani?"

"Mia nne kumi na saba."

"Hiyo ni namba. Mama yako alikuitaje?"

Midomo ya yule mtu ikatafutatafuta. Kisha akasema maneno ambayo Singano hakuyaelewa. Kwenye kitanda cha jirani, mzee Bahishe wa Kasulu akainuka taratibu.

"Hicho ni Kiha, lugha ya kwetu," akasema. "Mmakonde huyu amekijulia wapi?"

"Anasema nini, mzee wangu?"

"Anasema, 'Nimeitika siku zote. Mbona hamjaniita?'"

Singano akatambua ni nani aliyekuwa akisema. Miaka minne alimwona marehemu yule kila asubuhi, na hakuwahi kumjua. "Aliitwa nani?"

"Leo ndiyo unauliza," Bahishe akasema. "Ntakije. Mwana wa Ruhomvya, wa Heru."

Alfajiri iliyofuata Singano alikifunga kitabu cha namba.

"Ntakije mwana wa Ruhomvya, wa Heru!"

Wakasubiri. Ukungu haukutikisika. Sauti ya Ntakije haikutoka tena kwenye mkonge, siku ile wala siku yoyote baada yake. Ndipo Singano akaliita jina ambalo Wamakonde wenzake na yule mtu mpya walikuwa wamemnong'oneza usiku: "Likwati mwana wa Nnunduma!"

Yule mtu akashtuka kama aliyemwagiwa maji. "Nipo," akasema kwa sauti yake mwenyewe, akaanza kulia.

Hapo mzee Bahishe akaketi chini. "Na mimi niite," akasema. Mstari mzima ukaketi.

Bwana Miwani akaja akifoka. Akamnyang'anya Singano kitabu. "Anayetaka jina na arudi kwao kwa miguu!" Akaanza kuita mwenyewe. "Moja!"

Watu wote walikuwa wamefunga vinywa. Singano aliwatazama mmoja mmoja, hakuona mdomo uliocheza.

"Nipo," ikasema sauti kutoka makaburini.

"Mbili!"

"Nipo."

"Tatu!"

"Nipo. Nipo." Wawili waliowahi kupewa namba hiyo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Alipofika kumi na moja, Mzungu yule alikuwa akinong'ona, na walioitika walikuwa wamesogea karibu sana. Kitabu kikamponyoka.

Hakugeuka kuwa mwema. Watu walikaa chini siku tatu, na siku ya nne kikaletwa kitabu kipya chenye majina. Kwa majina hayo waliandika barua, kila mmoja akatia lake, wakidai kifuniko kwenye korona, matibabu, na kuzikwa kama watu. Kifuniko walikipata mwaka uleule. Mengine waliyapigania mpaka bendera ikabadilika.

Mkono wa Likwati ulirudi kupata joto. Singano naye, mpaka uzeeni, aliandikia watu wa mbali akiuliza: nani aliondoka kwenu asirudi? Majina mengi aliyapata, akayaandika juu ya makaburi badala ya namba. Kumi na tisa hayakupatikana. Ndiyo sababu hadi leo, ukungu ukitanda, wakata mkonge wa upande ule huhesabu mafungu yao kimoyomoyo. Ukiitamka namba kwa sauti, huenda mtu akakuitikia.

Ukimnyima mtu jina lake, unadhani umemfuta. Kumbe umemnyima pa kupumzika. Asiyeitwa jina hanyamazi.