Harara Iliyoitwa Ndui

Sogeeni. Wewe uliye mlangoni, ingia. Wewe mwenye karanga mdomoni, meza au tema. Nataka kimya, kimya cha paka anayesikiliza panya. Nikisema "Kulikuwa", nyinyi mseme "Kukawa". Kulikuwa?

Kukawa!

Kulikuwa na zamani, na nyuma ya zamani hiyo kulikuwa na zamani nyingine, bibi yake bibi yangu aliikuta imeshaota mvi. Katika zamani hiyo palikuwa na mji bondeni, unaitwa Kwamzinga, umezungushiwa boma la miiba. Joto lake, wanangu! Mbwa walishinda wamelaza matumbo kwenye tope la kisimani. Joto asubuhi, joto mchana, joto mpaka ndani ya maji ya mtungi.

Lakini si joto lililowatisha watu. Waliogopa ndui.

Nyinyi hamkuijua ndui, Mungu ashukuriwe. Ilikuwa ikiingia nyumba, inatoka na watu. Mwaka huo Jumbe Mwinyimvua, mkuu wa mji, akatoa amri: atakayetokwa na vipele, mkubwa kwa mdogo, apelekwe kibandani. Kibanda kilikuwa nje ya boma, porini. Wagonjwa walilazwa humo bega kwa bega. Chakula kiliwekwa juu ya gogo njiani, anayeweza kutambaa akakichukue. Waliokwenda walikuwa wengi. Waliorudi, vidole vya mkono mmoja vilitosha, na gumba likabaki. Na aliyeingia mle hana ndui, aliipata mle mle.

Mnasikia? Usinishike hivyo, mjukuu wangu, nipo.

Sasa, Mwanatumu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, Shomari, ana siku ishirini na moja. Mkwewe, Bi Mwanamkuu, ndiye aliyemlea mzazi ndani. Bibi huyu alikuwa ameshazika wajukuu wawili, basi huyu wa tatu alimlinda kama yai. "Mtoto hapigwi upepo kabla ya arobaini!" Akaziba dirisha kwa matambara. Akaweka makaa chini ya kitanda. Akampaka mtoto mafuta ya mbarika mpaka akateleza. Kisha akamvika: kaniki, juu yake shuka, juu yake shuka, juu yake blanketi la marehemu babu.

"Mama, anatoka jasho," Mwanatumu akasema.

"Jasho ndiyo afya. Wewe umezaa juzi, leo unanifundisha mimi?"

Mwanatumu akampangusa mtoto paji la uso. Mtoto akalia usiku, akalia mchana, akalia mpaka sauti ikakauka.

Siku hiyo ya ishirini na moja, Bi Mwanamkuu akamfungua amwoshe. Nguo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alipofika kwenye ngozi, akapiga ukelele. Shingo ya mtoto nyekundu, kwapa nyekundu, mgongo mzima vipele vidogo vidogo, kama mtu aliyemwagiwa ulezi.

Ukelele ule, wanangu, ulikuwa kosa. Ulisikika nyumba ya pili, nyumba ya pili ikaupeleka ya tatu, na kabla makaa hayajazimika Jumbe alikuwa uani na vijana wanne, wamejifunga vitambaa puani, wamebeba miti mirefu ya kumsukumia mama asiwakaribie.

"Mtoto atoke," Jumbe akasema.

"Hatoki peke yake," akasema Mwanatumu, amesimama mlangoni na mtoto mikononi. "Tutakwenda wawili."

"Nendeni wawili. Njia ni pana."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya watu: "Nani amemshika mtoto huyo?"

Alikuwa Mize, mfinyanzi wa vyungu aliyehamia kutoka mbali. Ndui ilimpata ujanani, ikamwachia uso wenye mashimo kama mchanga ulionyeshewa mvua ya kwanza. Ndui haimrudii mtu, lakini watu wa Kwamzinga walimwogopa vilevile. Akipita, walifunika vikombe. Katika mwaka ule wote wa hofu, hakuna aliyemuuliza neno.

"Amshike nani?" Jumbe akasema. "Unataka tufe?"

"Sasa mmejuaje?"

"Tumeona."

"Mmeona kutoka mlangoni! Hata nyama sokoni mnaibonyeza kabla hamjainunua."

Mize akapita kati ya ile miti, akamchukua Shomari. Watu wakarudi nyuma, wakakanyagana. Akambeba mpaka kivulini, akangoja kidogo ngozi ipoe, akalaza shavu lake tumboni mwa mtoto apime homa.

"Amenyonya leo?"

"Amenyonya, bibi," Mwanatumu akajibu. "Maziwa yote mawili."

"Siku hizi tatu aliwahi kuwaka mwili, kulegea, kukataa ziwa?"

"Hapana. Analia tu."

"Ndui haianzi na vipele, Jumbe. Inaanza na homa. Inakuangusha siku mbili, tatu, ndipo inatoa vipele. Na inapenda uso, inapenda viganja, inapenda nyayo." Akafumbua ngumi ya mtoto. Kiganja kisafi. Akainua mguu. Unyayo msafi. "Hivi viko wapi? Kwenye mikunjo ya shingo. Kwapani. Mgongoni anapolalia. Vipo pale penye nguo na mafuta tu. Jasho limezibiwa mlango, likatoboa ukuta. Hii ni harara."

"Na kama umekosea?"

"Mnipeleke kibandani pamoja naye."

Jumbe akacheka, kicheko kikavu. "Wewe ndui imeshakula ikashiba! Unaweka rehani kitu usichoweza kupoteza."

Mize akambana mtoto kifuani. Vijana wakainua miti.

"Basi nipelekeni mimi," akasema Bi Mwanamkuu. Alikuwa amekaa chini, ameshika lile blanketi. "Mimi sijawahi kuugua ndui. Ikiwa ni ndui, nitambeba mwenyewe, nitalala naye huko. Na ikiwa ni harara, basi aliyemtia ni mimi."

Jumbe akawaashiria vijana washushe miti. "Nawapa mpaka kesho, ikilia ngoma ya alasiri. Mlango utalindwa."

Haya, tazameni walivyofanya, na nyinyi wenye wadogo mshike. Walitoa makaa. Walizibua dirisha. Walimwogesha mtoto kwa maji ya kisima, ya baridi kiasi, bila kumsugua, wakayafuta mafuta yote. Wakamkausha kwa kugusagusa. Hawakumpaka kitu. Bi Mwanamkuu alinyoosha mkono kwenye kibuyu cha mafuta, Mize akaushika: "Hapana, bibi. Usizibe tena." Wakamlaza uchi juu ya kitambaa laini kikuukuu. Wakampunguza kucha asijikwaruze. Mama akamnyonyesha kila alipotaka.

Jioni mtoto akanyamaza.

Kimya, wanangu! Bi Mwanamkuu akapiga magoti. "Amekufa. Upepo umemuua." Mwanatumu hakuthubutu kumgusa. Mize ndiye aliyeinama, akasikiliza.

"Amelala," akasema. "Tangu azaliwe mlikuwa hamjamwona akilala?"

Kesho yake walishinda macho yote kwenye mgongo mmoja. Ndui ingevimba, ingejaa maji. Vipele vile vilikuwa vinanywea. Ngoma ikalia, Jumbe akaja, na safari hii akainama mwenyewe, akatazama viganja, akatazama nyayo, akagusa shingo. Wekundu ulikuwa umefifia.

"Harara," akasema. Watu wakapiga vigelegele.

Lakini mwanamke mmoja hakupiga. Binti Kheri, mke wa mhunzi. Akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Na Mwanakombo wangu? Mlimchukua Ijumaa, ana miaka mitatu. Alikuwa anacheza. Vipele vilikuwa shingoni tu."

Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Mize akajitwika mtungi wa maji, akatoka nje ya boma. Hakurudi siku ile, wala wiki ile. Alirudi mwezi ulipoandama tena, amebeba mtoto mgongoni. Mwanakombo alikuwa hai. Uso wake ulikuwa na mashimo, na jicho la kushoto lilikuwa jeupe. Alitoka mjini na harara, akarejea na makovu ya ndui.

Binti Kheri alimpokea. Jumbe akawapisha njia.

Basi, wanangu, hofu ni mlinzi mzuri wa mlango, lakini usimpe kazi ya uganga. Mtoto akitokwa na vipele, mshike, mtazame, mpunguzie nguo, mpoze. Na akiwaka homa, au vipele vikitunga usaha, au akikataa ziwa, usikae na bibi yako ukisikiliza hadithi. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo.

Bi Mwanamkuu alipokufa, Mwanatumu alirithi kitanda, na dirisha lililo wazi. Shomari alirithi shamba la mpunga. Mwana wa Jumbe alirithi ngoma, lakini amri ya kumtoa mtoto nje ya boma hakuirithi. Kuamua nani ana ndui walipewa wanawake wenye makovu, walioijua. Na Mwanakombo alirithi gurudumu la kufinyangia la Mize, na kila mtoto wa Kwamzinga aliyepata vipele alipita kwanza kwenye mikono yake. Bibi yake bibi yangu alikuwa mmoja wa watoto hao.

Kulikuwa, kukawa, kukaisha. Niliyopewa nimeyatua. Nani ananisaidia kuinuka?