Nyumba za Kwemkole Mezani kwa Mfalme

Hii nimeletewa asubuhi na mtu ninayemheshimu. Nimeisoma mara mbili, chai imepoa, na hasira bado haijanitoka. Nakupa na wewe. Ukimaliza mpe mwingine, hasa kama unafanya kazi chini ya mtu.

Mfalme mmoja alitaka kujenga reli ya kwanza katika nchi yake. Ramani hakuzielewa, na aliona aibu kusema hivyo. Basi akaagiza atengenezewe nchi nzima juu ya meza, na milima yake na mito yake, na treni ndogo ipite humo, ili aione reli kwa macho kabla ya kutia saini. Mahali treni ndogo itakapopita mezani, alisema, ndipo treni kubwa itakapopita ardhini.

Kazi ilipewa Fundi Semboja, seremala mzee ambaye hakuwa na mpinzani nchini. Meza yake ilijaza ukumbi. Milima aliifinyanga kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, juu yake akapaka jasi. Nyasi zilikuwa unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani, miti ilikuwa vipande vya dodoki kavu. Mto ulikuwa vanishi iliyopakwa mikono saba, mmoja juu ya mwingine, na kila mkono ulisubiriwa ukauke kwanza.

Nyumba ndizo zilizomchelewesha. Semboja alikuwa na utaratibu wake: haweki nyumba mezani mpaka aingie kwenye nyumba yenyewe, aipime kwa hatua zake, aulize mlango una rangi gani. Alizunguka vijiji vyote kwa miguu. Kila alipofika watu walimpokea vizuri, lakini hakuna waliompokea kama watu wa Kwemkole.

Kwemkole ni bonde lenye nyumba thelathini na saba. Waliposikia kwamba watawekwa mezani kwa mfalme, walipaka kuta chokaa upya. Bi Mwanahawa, mjane aliyekuwa akiuza maandazi njia panda, alimkatia fundi kipande cha kanga yake mpya kiwe pazia la dirisha. Walidhani mtu akishaonekana na mfalme basi yuko salama. Hilo ndilo kosa lao, na mimi siwezi kuwalaumu kwa hilo.

Siku chache kabla ya uzinduzi wa meza hiyo, Waziri Shekiondo alikuja kukagua. Reli ilikuwa na njia mbili tu za kuchagua: kukata katikati ya bonde la Kwemkole, au kuzunguka juu kwenye kilima, penye shamba la kahawa. Shamba lilikuwa la nani? La Waziri Shekiondo, la nani tena.

Waziri akainama, akatazama bonde, akakunja uso.

"Hizi nyumba zinachafua mandhari," alisema. "Zitoe. Weka msitu."

"Mheshimiwa, pale wanakaa watu."

"Kwani nimekuambia ukabomoe nyumba ya mtu? Hivi ni vijiti na gundi, mzee. Weka miti."

Hapa ndipo ninapomkasirikia Semboja kuliko ninavyomkasirikia Waziri. Waziri ni mwizi, na mwizi anafanya kazi ya wizi. Lakini wewe umeingia kwenye nyumba za watu, umekaribishwa mkeka, umeonyeshwa vitanda wanavyolala. Unajua ile ya tatu kutoka mtoni ina mtoto mgonjwa. Halafu mtu mmoja mwenye koti anakuambia ni vijiti, na wewe unakubali ni vijiti.

Alichukua kisu cha kukwangulia, akazitoa. Moja, ya pili, ya tatu. Gundi yake ilikuwa nzuri, kwa hiyo kila nyumba iling'oka na kipande cha ardhi. Alikuwa akijiambia kwamba hakuna mtu anayeumia kwa mbao ndogo namna ile, na pengine reli itapita kwingine, na hata yeye akikataa ataitwa fundi mwingine. Unazijua hizo sababu. Sote tumewahi kujipa.

Kufikia adhuhuri bonde lilikuwa kijani tupu. Na palipendeza. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba kweli palipendeza.

Siku ya uzinduzi mfalme aliagiza kila kijiji kilete mtu mmoja ajionee. Kwemkole walimtuma Bi Mwanahawa. Treni ndogo ilipiga honi, ikatoka stesheni, ikavuka daraja, ikateremka kwenye lile bonde la kijani na kutokea upande wa pili bila kugusa kitu. Watu wakapiga makofi. Mfalme akaomba kalamu.

Bi Mwanahawa hakupiga makofi. Alikuwa ameizunguka meza mara mbili, polepole, kidole chake kikifuata mto. Mwisho akasimama mbele ya bonde na kumtazama Semboja.

"Fundi," alisema, "mbona kwetu hamna mtu?"

Waziri akawahi kujibu. Alisema bibi amechanganyikiwa kwa uzee na safari, pale pamekuwa msitu tangu enzi za mababu, apelekwe nje akanywe maji. Watu wawili watatu wakacheka kumridhisha. Semboja alikuwa ameinamisha kichwa, na angeweza kukiacha hivyo hivyo mambo yakaisha. Lakini yule mama alikuwa bado anamtazama.

"Palikuwa na nyumba thelathini na saba, Mtukufu Mfalme," Semboja akasema. "Nimezitoa kwa mkono wangu. Waziri aliniagiza, nikatii."

Wote wakageuka kumtazama mfalme, wakingoja amgeukie Waziri, avuliwe cheo, apelekwe gerezani. Hata mimi niliposoma hapa nilijua ndivyo itakavyokuwa. Tumezoeshwa kwamba mfalme huwa hajui, kwamba wabaya ni wale wanaomzunguka.

"Najua," mfalme alisema.

Wala hakuinua sauti. Alisema alipita Kwemkole zamani, akiwa kijana, na anaikumbuka vizuri. Waziri alipomwendea na habari ya shamba lake, ni yeye mfalme aliyemwambia apande msitu mezani.

"Nisingeweza kutia saini huku naziona," alisema. "Sasa wewe mzee umeniharibia siku." Akaichovya kalamu kwenye wino.

Semboja akanyoosha mkono juu ya meza. Akalishika jumba la mfalme, lililokuwa kubwa kidogo kuliko kiberiti, lenye bendera na madirisha ya kioo, akaling'oa. Akang'oa mti mmoja wa dodoki na kuupachika kwenye tundu lililobaki.

Ukumbi mzima ulishtuka. Wanawake walishika midomo. Waziri alirudi nyuma akaangusha kiti. Askari wawili walimrukia mzee wakamkunja mikono mgongoni.

"Mmeshtuka," Semboja alisema. "Thelathini na saba nimezitoa na hakuna aliyeshtuka, hata mimi mwenyewe. Hili moja tu, mnanivunja mikono."

"Lirudishe," mfalme alisema.

"Silirudishi mpaka za Kwemkole zirudi. Nifungeni."

Mfalme akawaashiria askari wamtoe. Hawakumtoa. Yule aliyemshika mkono wa kulia alikuwa hamtazami tena fundi, alikuwa anaitazama meza. Mkono wake ulianza kulegea.

"Fundi," aliuliza kwa sauti ya chini, "sisi kwetu ni Kwefungo. Nyumba ya mama yangu ipo?"

"Ipo," Semboja akamjibu. "Leo ipo."

Askari akamwachia. Akaenda kuinama mezani, kofia mkononi, kuitafuta kwa macho yake mwenyewe. Wa pili akamfuata. Halafu mpishi, halafu karani wa mfalme, halafu wale waliokuwa wakipiga makofi dakika chache kabla, kila mmoja akisukuma bega la mwenzake apate kuona kwao. Wengine walihesabu nyumba kwa vidole. Mmoja alisikika akilalamika kwamba zizi lao halipo, akatulia alipoonyeshwa kuwa lipo nyuma ya mti. Mfalme alikuwa amesimama na kalamu yake, na katika ukumbi ule hapakuwa na mtu hata mmoja anayemtazama.

Alisubiri kidogo. Kisha akaiweka kalamu chini.

Reli ilijengwa, na ilizunguka kwa juu. Usinitumie ujumbe kuniambia kwamba moyo wa mfalme ulilainika. Mfalme aliogopa. Aliona askari wake wana mama zao, na akaogopa. Mimi hofu hiyo inanitosha, nyumba za Kwemkole bado zimesimama na maandazi bado yanauzwa njia panda.

Fundi Semboja alisifiwa nchi nzima. Kila kijiji kilitaka kumwalika. Ila kila alipopita njia panda ya Kwemkole na kusalimia, Bi Mwanahawa hakuitikia. Majirani walimsema. Walimwambia mama, msamehe mzee wa watu, huyu ndiye aliyetuokoa.

"Alituokoa siku ya mfalme, nashukuru," Bi Mwanahawa aliwajibu. "Lakini siku ile ya kisu alikuwa peke yake, na hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha. Alitoa ya kwanza, angeweza kuacha. Akatoa ya pili, angeweza kuacha. Alikuwa na nafasi thelathini na saba."

Funzo: Anayekuagiza umwondoe mtu kwenye picha ameshaamua kumwondoa kwenye ardhi, na anahitaji mkono wako ili wake ubaki safi. Kataa kwenye nyumba ya kwanza.