Kipande cha Glavu

Kikulacho ki nguoni mwako: chawa anayekunyonya umemvaa mwenyewe, hatoki nyumba ya pili. Kila mtu wa Luberizi, kijiji cha mashariki mwa Kongo, anaijua methali hii, lakini Jumapili ile, jamani, waliiona kwa macho!

Honorine alikuwa mkulima hodari wa mahindi. Kila msimu, yeye na mumewe Hyacinthe walichanganya mbegu na thiramu, unga wenye salfa unaozuia kuvu isiozeshe mbegu ardhini. Miaka yote aliushika kwa mikono mitupu. Mwaka huu alinunua glavu za mpira mjini Uvira, akazivaa kwa madaha kama bibi harusi.

Siku ya kuchanganya, Hyacinthe alitoka kwenye kazi akaenda moja kwa moja kwa jirani yao, Marie-Jeanne, kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Chupa moja tu! Uso ukawaka kama kaa la moto, moyo ukaenda mbio, akatapika hadi nyongo. Siku tatu baadaye, mikono ya Honorine ikavimba, ikatoa malengelenge.

"Ni karuho!" akalia. Karuho ni sumu ya kutegewa na mtu wa karibu, na huko neno hilo halitamkwi kwa mzaha. "Marie-Jeanne alinisalimia ku soko. Iko na sumu mu kucha!"

Tangu hapo hakumpa mtu mkono. Ili ajikinge, akavaa glavu hata akipika, hata akiosha vyombo. Mikono ikazidi kuchubuka. Watu wakaamua: Jumapili, baada ya misa, Marie-Jeanne afukuzwe kijijini.

Ijumaa, Divine, mpwa wa Honorine anayesoma kemia chuoni Uvira, akaruka kutoka kwenye pikipiki hata haijasimama vizuri. Akaitazama ile mikono, akamwita shangazi yake kwa kelele.

"Tantine! Ugonjwa unaishia fasi ileile glavu inaishia! Kama umepimwa na rula!"

"Minye nakufa, weye unafurahi?"

"Thiramu wanaiweka pia mu mpira, kiwandani, ili uimarike haraka! Ngozi yako ilishaanza kuikataa zamani, ulipoishika mikono mitupu. Sasa unaivaa asubuhi mpaka magharibi!"

"Na kasiksi ya Hyacinthe?"

"Dawa ileile! Muntu akiivuta mu pua kisha akunywe pombe, mwili unakataa. Iko imeandikwa ku mfuko wa dawa!"

Honorine akatikisa kichwa. Basi Divine akakata kipande cha mraba cha glavu mpya, akakifunga kwa bandeji karibu na bega la shangazi yake, mahali pazima kabisa. "Usikiguse mpaka Jumapili. Ngozi ikibaki salama, minye mwenyewe nitamufukuza Marie-Jeanne."

Jumapili uwanja wa kanisa ulifurika. Marie-Jeanne alisimama peke yake, vitu vyake vimefungwa kwenye kitenge. Divine akafungua bandeji. Begani palikuwa na mraba mwekundu wa malengelenge, pembe zote nne, kama stempu kwenye barua!

"Nani aligusa hapa?" Divine akauliza. "Marie-Jeanne?"

Hyacinthe akakuna kisogo. "Basi siku ya dawa, ni chai tu?"

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Honorine akazivua glavu, akazitupa, akamnyooshea Marie-Jeanne mkono wenye vidonda.

"Dada, unisamehe."

Marie-Jeanne akautazama. "Leo hauogopi kucha zangu?" Kisha akamshika taratibu kwenye kiwiko, pale pasipouma, wala hakumwachia.

Karuho waliyoitafuta kwa jirani, Honorine aliivaa mwenyewe mpaka kwenye vidole. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.