Chungu Kilichochemka Bila Moto

Hapo kale, enyi wenye masikio madogo, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao, kijiji kizima kilikuwa na kisima kimoja. Siku moja Nyati akaja akajilaza kando yake.

"Mmuuu! Kuanzia leo kisima ni cha mwenye nguvu. Nani anabisha?"

Nani angebisha? Watoto wakaanza kulala na kiu.

Bi Pimbi, mdogo kuliko majirani wote, alikuwa akipika maharage kwa maji ya mwisho mtungini. Binti yake Kidawa akaangusha kipande cha ndimu kwenye bakuli la magadi. Fshhh! Povu likapanda.

"Nisamehe, Mama!"

"Nikusamehe nini? Hebu rudia, tuone."

Wakadondosha tone la maji lililobaki kwenye magadi: kimya. Ndimu kwenye chumvi: kimya. Ndimu kwenye magadi: fshhh! Walipozidisha, povu likamwagika mpaka mezani.

"Linachemka!" Kidawa akaligusa. "Mbona baridi?"

Bi Pimbi akatabasamu. "Lete chungu, mwanangu."

Asubuhi wakaenda kisimani. Chunguni mlikuwa na magadi, na kwenye kibuyu maji ya ndimu. Majirani wakafuata nyuma, roho mkononi.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikuja kuomba. Chemsha maji bila moto. Ukishindwa, nami nikiweza, kisima kiwe cha wote."

"Ha! Nimekubali, na wote wamesikia!"

Nyati akateka maji kwenye beseni. Akayapiga pembe, chubwi! Akayafokea. Akayapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maji yakatulia tuli.

"Hata wewe huwezi," akasema akihema.

Kidawa akaweka chungu chini. Bi Pimbi akamimina kibuyu chote.

Fshhhhh! Povu likafurika na kutiririka.

"Yalaa!" Nyati akanyoosha ukwato, akaligusa povu, akaruka nyuma. "Ni baridi! Linachemka na ni baridi! Chukueni maji yenu!"

Vifijo vikalipuka. Mitungi ikajazwa, watoto wakanywa mpaka matumbo yakajaa.

Jioni, pua kubwa ikachungulia jikoni kwa Bi Pimbi. Alikuwa Nyati. Akanusa meza.

"Kumbe ni ndimu tu na magadi!"

Bi Pimbi akamvutia Kidawa karibu.

"Ndiyo, Baba," Kidawa akasema kwa sauti ndogo. "Tulijaribu tu tuone."



"Nilikubali mbele ya watu, sirudi nyuma," Nyati akasema. Kisha akaona haya kidogo. "Lakini... naweza kumimina na mimi?"

Kidawa akamsogezea bakuli.

Basi wanangu, anayeuliza na kujaribu hufika ambako nguvu peke yake haimfikishi mtu.