Mama Aliyepiga Hodi Ufaransa

Wapendwa, wekeni kwanza vitabu vya nyimbo magotini, niwapeleke Ufaransa. Msiogope, hatuhitaji viza, na tutarudi kabla wali wenu haujaungua.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mkulima wa viazi kule Njombe, mama wa kanisa hasa, wa kitenge na kilemba. Binti yake wa pekee aliolewa akaenda kuishi Ufaransa, katika mji mdogo wa zamani, wenye nyumba za mbao na mawe zilizojengwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Mwaka wa tano binti akapata ujauzito, na mimba ilipokuwa kubwa akamtumia mama tiketi. Viza ilikuwa ya wiki tatu tu. Mama akaenda. Baridi haikumtisha, mtu wa Njombe utamtisha kwa baridi gani?

Kilichomtisha kilikuwa kingine. Mkwewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, siku nne, siku tano yuko barabarani. Binti akitoka kazini anafunga mlango, na mlango ule haugongwi mpaka kesho. Wiki ya kwanza mama alivumilia. Wiki ya pili akashindwa.

"Mwanangu, uchungu ukikushika na mwenzio hayupo, utamwita nani?"

"Nitapiga simu lije gari la wagonjwa, mama."

"Sijauliza gari. Nimeuliza mtu."

Binti akasema tu, "Mama, huku kila mtu na lake," akaenda kuosha vyombo. Usiku ule mama alilia kimya kimya, maana siku zake zilikuwa zinaisha, na angemwacha mtoto wake katika mji ambao hata jina la jirani halijui.

Kesho yake binti, kwa kutaka kumchangamsha, akampitisha ofisi ya watalii wakachukua karatasi. Nisikilizeni vizuri hapa kwenye karatasi. Mji ule haukupi mtu wa kukutembeza. Unapewa ramani yenye namba, na chini barabarani kumepigiliwa alama za shaba. Unazifuata mwenyewe, polepole. Namba moja ni lango la mji, namba mbili kanisa, namba tatu nyumba ya mfumaji wa enzi hizo, namba nne ya mwoka mikate, mpaka kumi na nne. Ukifika kwenye namba unasimama, unatazama, unapiga picha, unakwenda zako. Binti akaigeuza karatasi, nyuma yake akaandika kwa Kifaransa: "Huyu ni mama yangu. Hajui lugha. Akipotea, tafadhali nipigieni." Akaweka namba yake ya simu.

"Mama, wewe fuata namba tu. Saa kumi nitakukuta namba kumi na nne." Akaenda kazini.

Mama akaanza. Langoni akatazama, likampendeza. Kanisani akaingia, akapiga magoti, akaomba. Hakuomba fedha, hakuomba hata uzazi mwepesi. Alisema, "Baba, mpe mwanangu mtu." Akajifuta macho, akafuata shaba mpaka namba tatu. Nyumba nzuri, maua dirishani, na pazia likatikisika. Kumbe ndani kuna mtu!

Sasa niambieni, akina mama mliokaa hapa mbele. Umetumwa kwenye nyumba ya mtu, umefika, na mwenyewe yumo. Utafanya nini? Utasimama nje uukodolee macho mlango kama mwizi anayepima kufuli?

Naam! Hivyo hivyo. Mama akakaza kilemba, akagonga. "Hodi! Hodi humu ndani!"

Akafungua bibi mmoja mwenye fimbo. Miaka arobaini watu walikuwa wanaupiga picha mlango wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuugonga. Mama akapiga goti kidogo, akatoa mikono miwili, akakabidhi karatasi upande ule wa mwandiko wa mwanawe. Kwake ile ilikuwa barua ya utambulisho, kama zile tunazochukua kwa mwenyekiti wa mtaa. Bibi akasoma, akashika simu.

"Mama yako yuko kwangu."

"Mungu wangu! Amepotea?" binti akashtuka.

"Hapana, amekaa. Nilikuwa namenya viazi, amenipokonya kisu. Anamenya vizuri kuliko mimi."

Haijapita saa moja, simu tena. Mzee wa namba tano: "Mama yako yuko hapa anacheka. Sijui anacheka nini, lakini na mimi nacheka." Msimamizi wa kazi akaanza kumtazama binti kwa jicho la pembeni. Kufika saa kumi simu zilikuwa sita. Milango mingine haikufunguka. Mama alipiga hodi mara tatu kama inavyotakiwa, akaondoka bila kinyongo.

Saa kumi, namba kumi na nne, hakuna mama. Binti akafuata alama kinyumenyume na tumbo lake, akamkuta namba kumi na moja, kizingitini, ana mkate kwapani na chupa ya jamu mkononi.

"Mama! Umenitia aibu mji mzima! Hizi nyumba ni za kutazama, siyo za kuingia!"

"Mwanangu, unanituma kwa watu halafu nisipige hodi? Adabu hiyo ningeitoa wapi?"

Binti alinuna mpaka siku ya uwanja wa ndege. Mama akarudi Njombe kwa viazi vyake, na moyo wake akauacha kule.

Ikapita wiki tatu. Asubuhi moja, mume yuko mbali, mwendo wa siku mbili, uchungu ukamshika binti ngazini. Akapiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa asubiri. Akakaa pale pale. Akashika simu ampigie mtu. Mtu gani? Akaenda nyuma kwenye simu alizopigiwa, akaziona namba sita zisizo na majina. Akabonyeza ya kwanza, kisha inayofuata, mpaka zikaisha zote.

Bibi wa fimbo alifika na koti juu ya nguo ya kulalia. Mzee wa namba tano akaja na gari lake ambalo mlango wake mmoja umefungwa kwa kamba. Kufika adhuhuri, kwenye benchi la hospitali walikuwa wamekaa watu wa nyumba zote sita, na wao kwa wao walikuwa hawajawahi kusalimiana.

Mama alikuwa shambani simu ilipoita. Akasikia mtoto analia, na nyuma ya mtoto, kelele za watu wanaocheka.

"Mwanangu, hao ni akina nani?"

"Ni milango yako, mama. Imekuja yote sita."

Mama alitupa jembe, akapiga vigelegele mpaka kijiji kizima kikaacha kazi.

Mnacheka. Na mimi nacheka, nimefurahi mno. Lakini msiwacheke Wafaransa. Sisi hapa tunajua nani ameezeka bati jekundu, nani ameweka vigae, geti la nani ni jeusi. Tunatazama, tunasifia, tunapita. Wapendwa, tumekuwa watalii katika mtaa wetu wenyewe! Na Jumatano kwenye maombi tunasema, "Baba, mpe fulani mtu," ilhali tumetoka kupita mlangoni pa fulani, mikono mfukoni.

Leo usiende moja kwa moja nyumbani. Iko nyumba unayoipita kila Jumapili, unajua hadi rangi ya mapazia yake. Gonga. Mara tatu tu. Isipofunguka, ondoka bila kinyongo, nenda namba inayofuata. Na wewe utakayesikia hodi leo mchana, usichungulie dirishani kwanza. Fungua, useme karibu, na kama unamenya viazi, mpe kisu.