Mwosha Maiti na Shahidi Mwadilifu

Wamesimulia waliotutangulia katika elimu, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasiti, ulioko Iraki kati ya miji ya Kufa na Basra, palikuwa na mcha Mungu aliyeitwa Mundhiri bin Khalafu. Alisalisha alfajiri kwa miaka thelathini. Alihiji mara tano, tatu kati ya hizo kwa miguu, na kadhi wa mji alikuwa amemwandika miongoni mwa mashahidi waadilifu, yaani wale ambao wakisema jambo mahakamani, hukumu husimama juu ya kauli yao. Simtaji ili nimcheke. Mtu huyu nampenda, na mbele utaona kwa nini.

Katika mji huo huo aliishi Bibi Unaisa binti Rabaha, mwosha maiti wa kike. Wazazi wake walikuwa watu weusi waliopata kuwa watumwa kisha wakaachwa huru, na yeye alizaliwa huru. Akifa mwanamke, awe mke wa tajiri au muuza kuni, Unaisa ndiye aliyeitwa. Alikuja na majani yake ya mkunazi na kafuri, akafanya kazi kwa adabu na kwa siri, akaenda zake. Watu walimkumbuka wakifiwa, wakamsahau kaburi likifukiwa.

Mtaa wake ulikuwa na kisima kimoja tu. Alikichimba mjane tajiri, Bibi Lubaba, akakitia wakfu kwa ajili ya watu wa mtaa ule, ambao wengi wao walikuwa weusi kama Unaisa. Hakuandika hati. Alitamka wakfu wake mbele ya mashahidi wawili, Mundhiri na mfinyanzi mmoja aitwaye Asadi, na siku zile hilo lilitosha.

Sasa sikiliza lililotokea. Siku moja, adhuhuri ikikaribia, Mundhiri alifika kisimani kutawadha, naye amevaa kanzu nyeupe iliyotoka kushonwa. Unaisa alikuwa akiteka maji kwa haraka kwa sababu kulikuwa na maiti anayengoja. Ndoo ikamponyoka, na maji yenye tope yakamrukia sheikh kifuani. Akamgeukia, akamwita kwa neno. Neno lenyewe sitaliandika. Lilikuwa neno la kutukana ngozi yake na mama aliyemzaa, na kusemwa mara moja kunatosha. Unaisa alijaza ndoo yake upya akaenda kumwosha maiti wake, na hakumsimulia mtu.

Haikupita miezi mingi, Bibi Lubaba akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mpwa wake Ghassani akajitokeza akidai kwamba kisima ni urithi wake. Alitaka kukizungushia ukuta, anyweshee bustani yake ya mitende. Watu wa mtaa wakaenda kwa kadhi, wakasema ni wakfu, na mashahidi wapo. Kadhi akasema, "Basi mashahidi wachunguzwe kwanza."

Mahakama zile zilikuwa na mtu wa kazi hiyo. Wa Wasiti aliitwa Sinani bin Waki, mzee mkimya mwenye desturi yake ya ajabu. Hakuwauliza rafiki za shahidi, wala majirani wa hadhi yake. Alikuwa akisema kwamba mbele ya wakubwa wenzake kila mtu ni mwema. Aliwatafuta wale ambao shahidi hakuwa na haja ya kuwapendeza, kama mfagizi, muuza maji, au kijakazi wa jirani, na hao ndio aliowauliza. Kuhusu Asadi mfinyanzi alisikia heri tupu. Kuhusu Mundhiri alisikia heri tupu pia, mpaka alipofika mlangoni kwa Unaisa, akamkuta anaanika vitambaa vyake vya kuoshea.

"Mama," alisema Sinani, "nimetumwa na kadhi. Mundhiri bin Khalafu unamjua?"

"Namjua."

"Ni mwadilifu wa ulimi na mwenendo? Sema unalolijua kwa macho na masikio yako."

Unaisa alikitazama kile kisima, kilichokuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba bila ya Mundhiri mashahidi hawatatimia wawili, na wakfu utaanguka. Watu wa mtaa mzima wangekwenda kuteka mtoni, mwendo wa saa nzima na mitungi kichwani.

"Nikinyamaza je?" akauliza.

"Nitaandika kwamba ulinyamaza, Mama, na kadhi atajua maana yake. Sitaki kukuficha."

Basi akamweleza. Hakuongeza wala hakupunguza, na alipofika kwenye lile neno alilitaja kwa sauti ya chini, akainama kukunja kitambaa.

Habari zilipoenea, watu wa mtaa wake walimjia juu. Jirani yake, aliyekuwa na watoto sita na mgongo mbovu, alimwambia, "Unaisa, umetuuza kwa ajili ya neno moja? Sisi hatujaitwa hivyo maisha yetu yote? Mbona tumenyamaza?"

Unaisa alisema, "Dada, sikuulizwa habari za kisima. Niliulizwa habari za mtu. Ungetaka niseme uongo, kisha nirudi kuwaosha mama zenu kwa mikono hii hii?"

Jirani akaondoka bila ya kuaga. Kwa siku nyingi hawakusalimiana.

Na mji nao ulichemka. Msikitini, baada ya sala ya alasiri, watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Mmoja alisema, "Miaka thelathini ya ibada ifutwe na neno moja la hasira?" Mwingine akasema, "Lakini wao wenyewe hutaniana hivyo hivyo." Wa tatu, aliyekuwa na ndevu nzuri na shughuli kidogo, alilalamika kwamba zama zimeharibika na mtu hawezi tena kufungua kinywa chake. Mzee mmoja mweusi wa safu ya nyuma aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Neno hilo halikuanza kisimani. Kwa neno hilo binti yangu alikataliwa posa tatu, na mimi nimekaa safu hii ya nyuma tangu nina meno yote." Hata hivyo hawakuacha kubishana.

Aliyefurahi kupita wote alikuwa Ghassani. Mtu huyu hakuwahi kumwita mtumishi wake kwa jina, ila wiki ile alizunguka sokoni akihuzunika kwa heshima ya watu weusi iliyovunjwa. Wapo watu wa namna hii kila zama, nami siwawezi.

Siku ya hukumu ikafika. Kabla Mundhiri hajaingia mahakamani, jamaa zake walimvuta kando. "Ni neno la mwanamke mmoja," wakamwambia. "Hakuna mwingine aliyesikia. Sema hukusema. Huijali sifa yako? Basi wafikirie maskini na kisima chao. Uongo huu ni sadaka." Ndugu yangu unayesoma, usiuone mtihani huu kuwa mdogo. Shetani alimjia akiwa amevaa kilemba, mkononi ameshika maslahi ya wanyonge.

Kadhi akasoma ripoti ya Sinani, akasema, "Mundhiri, maneno haya unayakana?"

Mundhiri alisogea mbele ya kadhi. Unaisa alikuwa amekaa upande wa wanawake, na watu wa mtaa wake walikuwa wameacha nafasi kila upande wake.

"Nilisema," Mundhiri akajibu.

Sauti zikapanda. Kadhi akazinyamazisha. "Ulikuwa na hasira?"

"Nilikuwa nayo. Lakini ewe kadhi, hasira haikulileta neno lile kutoka nje. Ilifungua mlango tu, nalo likatoka, kwa sababu lilikuwa likikaa humo siku zote. Tangu nisikie ripoti hii nimejitafuta, nikakuta nimelala na kuamka nalo miaka hamsini na tisa."

"Na uliyemwambia ni nani? Mtaje kwa jina."

Hapo ndipo uso wa Mundhiri ulipobadilika. Alifungua kinywa, akakifunga. Alimtazama yule bibi, ambaye kwa miaka thelathini alichota naye maji kisima kimoja.

"Silijui jina lake," alisema.

Asadi mfinyanzi ndiye aliyesema, tena kwa unyonge, kana kwamba anaona haya kwa niaba ya mwenziwe. "Sheikh, huyo ni Unaisa binti Rabaha. Ndiye aliyemwosha mama yako."

Inasemekana Mundhiri alikaa chini palepale, akajifunika uso kwa ncha ya kilemba chake, akalia mbele ya watu. Alipoweza kusema tena alisema, "Ewe kadhi, usiikubali kauli yangu. Aliyemsitiri mama yangu sikumuuliza jina, kisha nikamtukana mama yake. Mimi si mwadilifu." Alijua fika kwamba kwa maneno hayo anajiporomosha mwenyewe na kisima pamoja naye. Akayasema.

Ghassani akaomba hukumu papo hapo. Kadhi akamwambia, "Usiwe na haraka. Ushahidi wake umesimamishwa, haujafutwa, kwa maana mlango wa toba haujafungwa. Lakini dhambi hii ni ya ulimi, na toba ya ulimi haionekani kwa machozi ya siku moja. Nampa mwaka, yapite juu yake majira yote. Kisima kitabaki kilivyo mpaka siku hiyo."

Mundhiri alitoka mahakamani akamfuata Unaisa, akamwomba msamaha barabarani, watu wakitazama. Unaisa alimwambia kwa upole, "Sheikh, fungu langu ni dogo. Ulimtukana mama yangu Raihana, naye yuko kaburini. Siwezi kusamehe kwa niaba yake."

Wengine wangechukia. Mundhiri aliuliza kaburi liko wapi.

Mwaka ule aliuishi hivi. Aliacha kusalisha, akaenda kusimama safu ya nyuma kabisa, kando ya yule mzee mweusi, na mwezi haukuisha kabla hajajua majina ya wote waliosali pale. Kila Ijumaa alikwenda kuzuru kaburi la Raihana, akalifagia, akamwombea. Lakini lililokuwa zito kuliko yote lilikuwa barazani. Wenziwe walipolitamka lile neno kwa mzaha, naye alisema, "Hilo ndilo lililoniangusha mimi." Hakuwapa hotuba. Alisema hayo tu, tena kwa utulivu, na kicheko kikakatika. Mwanzoni walimwona ametiwa wazimu na fedheha. Kisha wakaacha kumwalika. Mtu aliyezoea kupewa mto wa kuegemea akawa anapita barabarani na salamu yake haiitikiwi. Alisubiri, wala hakumlaumu Unaisa hata siku moja, si mbele za watu wala nyumbani kwake.

Mwaka ulipotimia, Sinani mchunguzi alikwenda tena kwa Unaisa. Alikuwa mzee zaidi, ameshika fimbo. Akamkuta anaanika vitambaa vyake, na yule jirani mwenye mgongo mbovu, ambaye walikuwa wameshapatana, yuko pale anamsaidia.

"Mama Unaisa, Mundhiri bin Khalafu unamjua?"

"Sasa ananijua na yeye," alisema Unaisa. "Jana alinisalimu pale kisimani. Aliniita binti wa Rabaha na Raihana."

"Umemsamehe?"

"Hukutumwa kuniuliza hilo, Sheikh. Umetumwa kuuliza kama ni mtu wa kuaminiwa akisema. Alisema kweli siku ambayo uongo ungemfaa yeye na mimi na mtaa mzima. Mwandike."

Sinani akaandika. Mashahidi wakatimia wawili, kisima kikathibitishwa kuwa wakfu, na Ghassani akaenda kutafuta maji ya mitende yake kwingine. Watu walimbembeleza Mundhiri arudi kusalisha, akakataa, akasema safu ya nyuma ameizoea.

Alipofariki, miaka saba baadaye, wanaume ndio waliomwosha, kama ilivyo sheria. Lakini walipotoka nje kutafuta maji waliyakuta yako mlangoni, ndoo tatu zimejaa, maji safi yenye majani ya mkunazi. Unaisa alikuwa ameshaondoka. Mwanawe Mundhiri akamkimbilia, akamuuliza, "Mama, ina maana umemsamehe?" Akajibu, "Kwa fungu langu, ndiyo. La mama yangu, leo watakutana wenyewe."

Basi tuliangalie jambo hili, wapenzi wangu. Sisi nasi tunayo maneno yetu vinywani, ya kuwaitia watu wa ngozi fulani, wa nywele fulani, wa asili fulani, na tukiulizwa husema ni utani. Kila nikikisoma kisa hiki hujiuliza, angekuja Sinani mtaani kwangu leo na fimbo yake, angebisha mlango wa nani? Nami ningekuwa nalijua jina la mwenye mlango huo? Mwenyezi Mungu atusafishie ndimi zetu tungali hai, kwa maana siku ya kuoshwa viwiliwili, ulimi hauoshwi.